Saruji kwenye tofali la Don Valley

Oktoba ile kazi yetu ilikuwa kupiga pointi, yaani kuchimbua maungio ya zamani na kuyajaza upya, kwenye ukuta wa kaskazini wa jengo la zamani la mashine, pembezoni mwa Toronto. Nyuso za matofali zilikuwa zikibanduka kama magamba ya samaki, vipande vyekundu vimerundikana chini, ilhali maungio ya kijivu yalikuwa mazima kabisa. Ugonjwa ulikuwa hapo hapo: waliotutangulia walijaza saruji badala ya chokaa.

Ukuta wa zamani wa namna ile hupumulia kwenye chokaa ya maungio. Saruji ikiziba, unyevu hutoka kupitia tofali, ambalo ni laini zaidi. Chumvi hubaki ndani, na baridi ikigandisha maji, uso hupasuka.

Grainda iliachwa garini. Kwenye kiungo cha milimita 8, diski ikiteleza kidogo tu imeshakula ukingo wa tofali, na ukingo ukishaliwa haurudi. Tulitumia tindo nyembamba na nyundo, kuchimba hadi milimita 25. Kufika mchana, watu wawili hatukuwa tumemaliza mita 2 za mraba.

Tofali moja lilitoka zima na saruji yake. Nililigeuza, kwenye kishimo cha tumboni palikuwa na maandishi: DON VALLEY. Kiwanda hicho kilianzishwa 1889 bondeni mwa mto Don, na matofali yake yamo kwenye jumba la Casa Loma na ukumbi wa Massey Hall, yote ya Toronto. Chenyewe sasa kimehifadhiwa, na bomba la moshi lililobaki bado limeandikwa VALLEY.

Mchanganyiko ulikuwa ndoo 1 ya chokaa ya haidroliki, ile inayoganda hata penye maji, kwa ndoo 2 na nusu za mchanga wa chembe kali. Maji kidogo: ukifinyanga donge, lisimame bila kupasuka wala kulowesha kiganja. Ukuta ulikuwa umemwagiwa maji tangu jana yake, kwa sababu tofali kavu hunyonya maji ya chokaa na kuiacha unga. Inashindiliwa kwa tabaka. Dole gumba lisipoacha alama, unaipigapiga kwa brashi ngumu. Kuilainisha kwa mwiko ni kosa, maana ngozi ya juu huziba vitundu.

Saa nane fundi mkuu akasimamisha kazi. Usiku ule ungeshuka chini ya nyuzi 5, na chokaa mbichi ikigandishwa hubomoka. Tulifunika kwa magunia, juu yake turubai. Maungio yaliyobaki wazi yalingoja hadi Mei, na tofali letu nalo likingoja stoo. Liliporudishwa, maandishi yalifunikwa na chokaa.