Siku Moja Maishani Mwangu: Mkaguzi wa Vipuri vya Helikopta, Peenya

Nikisema kwamba kazi yangu inahusu helikopta za kijeshi zinazoundwa hapa India, watu huniuliza kama nimewahi kuzirusha. Mimi ni mkaguzi wa vipimo katika karakana ndogo ya Peenya, eneo la viwanda la Bengaluru, ambako tunachonga bushi (vipande vya mviringo vinavyovikwa ndani ya matundu ya vipuri) na vishikio vya mfumo wa kuongozea mapangaboi.

Saa kumi na moja alfajiri naamka, na saa moja na nusu nimeshavaa koti jeupe. Kwanza natazama kipimajoto, kwa kuwa chumba changu hakina budi kuwa na nyuzi 20 za Selsiasi. Kipande cha alumini chenye urefu wa milimita 100, kikiingia na joto lililozidi kwa nyuzi 10, huwa kimerefuka kwa zaidi ya milimita 0.02, na hilo linatosha kukifanya kizima kikataliwe au kibovu kipokewe. Kwa hiyo vipande hulazwa mezani mpaka vipoe, na mafundi wa mashine hulalamika kwamba nawachelewesha.

Saa tatu hadi saa sita ni kupima, kuandika na kugonga muhuri.

Saa sita na nusu alifika mjumbe wa mteja kuchukua mzigo, gari likiwa linanguruma nje. Kipande kimoja kilikuwa na namba ya kundi la metali iliyotofautiana kwa tarakimu moja na ile ya kwenye cheti cha muuzaji wa metali. “Dada, ni tarakimu moja tu, kalamu imeteleza,” alisema. Nilimjibu kwamba namba hiyo ndiyo njia pekee ya kujua kipande kimetokana na metali ipi, na siku kitakapopasuka, wachunguzi wataanza kwa kuifuata. Akatoka, akarudi na simu ya bosi wake. Akatoka tena, akarudi na simu ya bosi wa bosi. Kila mmoja aliniuliza kama naelewa kwamba jeshi linasubiri.

Naelewa vizuri. Dhruv, helikopta ya kazi nyingi iliyoundwa India, iliruka mara ya kwanza tarehe 20 Agosti 1992, na jeshi lilianza kuipokea miaka kumi baadaye. Vita vya Kargil vya 1999, kati ya India na Pakistan, vilionyesha kwamba India haikuwa na helikopta ya mashambulizi inayoweza kupigana kwenye hewa nyepesi ya milimani. Ndipo ikabuniwa Prachand, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 2010 na kurithi kwa Dhruv mfumo wa rota, yaani mapangaboi na kitovu chake, pamoja na injini ya Shakti, iliyotengenezwa kwa ushirikiano na Wafaransa. Machi 2025 serikali ilisaini mkataba wa kununua Prachand 156. Haraka ipo, na ni ya haki.

Lakini Januari mwaka huohuo Dhruv ya Walinzi wa Pwani ilianguka Porbandar, mji wa pwani ya magharibi mwa India, watu watatu wakafa, na Dhruv za majeshi yote zikazuiwa kuruka. Uchunguzi ulielekea kwenye kipande cha duara kilicho chini ya rota, kinachopeleka amri za rubani kwenye mapangaboi, ambacho kilikuwa kimevunjika. Sikukitengeneza mimi, wala karakana yetu. Hata hivyo, tangu siku ile sisikilizi neno “tu” likitajwa pamoja na kipuri cha rota. Rubani hana njia ya kukagua kilichofichika ndani ya metali. Anategemea sahihi za watu asiowajua, na mmojawao ni mimi.

Sikumbuki vizuri ni saa ngapi nilikula. Macho yaliniuma, miguu ikavimba, na mjumbe alikuwa bado amekaa mlangoni. Jioni muuzaji wa metali alikiri kwa barua pepe kwamba cheti kilikuwa cha kundi jingine, na cha kundi letu hakikuonekana kwenye majalada yake. Nilikifunga kipande kile kibandiko chekundu, nikakifungia kabatini, kisha nikaruhusu vilivyosalia. Mjumbe alidai maelezo ya maandishi. Niliketi tena nikamwandikia kurasa mbili, namba zote zikiwemo, nikatia sahihi.