Nilivyogeuza Ghala la Mahindi Kuwa Nyumba ya Kuishi

Ghala hujengwa ili nafaka isipate unyevu, panya wala mwizi. Binadamu ukimweka humo mchana wa Oktoba, anaiva. Kwa hiyo kazi yangu kubwa kwenye ghala la marehemu baba hapa Kibaigwa, wilayani Kongwa, mkoani Dodoma, ilikuwa kuliingizia hewa na mwanga bila kuliangusha.

Wengi walinishauri nibomoe nijenge upya. Sikuona sababu. Kuta ni za matofali ya kuchoma, unene wa tofali zima, na msingi haukuwa na ufa. Kuchoma matofali mengine ni kukata miti mingine, na miti yenyewe Dodoma tunaihesabu.

Tulianza na usafi, jambo ambalo wengi huliruka. Ghala lililohifadhi mahindi miaka yote hiyo lina vumbi la dawa ya dumuzi, mdudu anayetoboa mahindi, kwenye nyufa za sakafu na kwenye plasta. Ukifagia kavu unalivuta lote puani. Tulivaa barakoa na glavu, tukalowanisha, tukakwangua plasta ya zamani mpaka kwenye tofali, uchafu tukaufunga kwenye viroba mbali na kuku na kisima. Baadaye tukapiga plasta mpya na chokaa.

Madirisha ndiyo yaliyonikosesha usingizi. Fundi aligusa kiungo cha tofali kwa kucha, kikamong'onyoka.

"Dada, huu ukuta umejengwa kwa udongo. Tukikata kwa pupa, unashuka wote."

Akaanza kwa mirunda kuegemeza kenchi, fremu zinazobeba paa. Kisha, kabla ya kufungua tundu lolote, alichimba mfereji upande wa nje, nusu ya unene wa ukuta, akapitisha nondo na kumwaga zege la linta, boriti inayobeba ukuta juu ya dirisha. Likakauka vizuri ndipo akahamia upande wa ndani. Linta ikishabeba mzigo, tofali za chini yake alizitoa moja moja kwa patasi, bila nyundo kubwa. Tofali hizohizo ndizo zilizojenga kuta za vyumba. Dirisha moja likiisha ndipo linaanza jingine, tena si jirani yake. Ni kazi ya polepole na inakera ukiwa unalipa kwa siku, lakini mkoa huu ardhi hutikisika mara kwa mara. Sikutaka ukuta wa kubahatisha.

Madirisha makubwa niliyaweka kusini na kaskazini. Upepo wetu wa kiangazi hutoka kusini mashariki, unaingia chini, na joto linatokea matundu ya juu upande wa pili, yaliyozibwa kwa wavu. Mlango mkubwa wa ghala unatazama magharibi, jua la saa kumi linaingia moja kwa moja, hivyo hapo nikajenga baraza.

Wagogo kwenye tembe zao walilimaliza suala la joto kwa paa la udongo. Kenchi zangu zisingebeba uzito huo. Niliweka bati jeupe na dari ya mbao chini yake, katikati nikaacha nafasi hewa ipite. Juni na Julai, upepo wa baridi ukianza, tunafunga matundu kwa vibao.

Maji nayo yanataka hesabu. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ya paa ni lita 1. Paa langu ni mita za mraba 120, na Dodoma hupata kama milimita 550 kwa mwaka. Ukitoa yanayopotea, unabaki na lita 50,000 hivi. Tatizo ni kwamba zote zinakuja kati ya Desemba na Aprili, ndiyo maana nikachimba tangi la chini ya ardhi la lita 30,000. Kwa miezi saba ya kiangazi ni kama lita 140 kwa siku, zinatutosha watu wanne tukiwa na adabu. Mvua ya kwanza tunaiacha ioshe vumbi la bati.

Sola ilikuwa rahisi, jua lipo. Kibali cha kubadilisha matumizi kifuatilie halmashauri kabla hujagusa ukuta.

Chaga za kupangia magunia zimekuwa vitanda na rafu za jikoni. Mizani ya baba, mdogo wangu anataka tuiuze kama chuma chakavu. Nimekataa, iko barazani, majirani wanapimia mahindi yao bure kabla ya kwenda sokoni.