Jumatatu ya Upatanisho

Masomo: Mathayo 5:23-24, 1 Wakorintho 6:1-8

Wapendwa katika Bwana,

"Iache sadaka yako mbele ya madhabahu, uende zako, upatane kwanza na ndugu yako." Agizo hili tumelikariri tangu shule ya Jumapili, lakini ni nadra mtu kuuliza: nipatane naye saa ngapi? Ibada imeshaanza, kwaya imesimama, na huyo ndugu ama amekaa benchi la nyuma ama hakuja kabisa. Wakristo wa karne za kwanza waliona kwamba agizo hili haliwezi kutimizwa Jumapili asubuhi, wakalipangia siku yake.

Katika Didaskalia, kitabu cha taratibu za kanisa kilichoandikwa Syria katika karne ya 3, maaskofu wanaagizwa kusikiliza mashauri ya waamini siku ya Jumatatu. Sababu inatolewa hapo hapo: mmoja akiipinga hukumu, bado kuna nafasi hadi Jumamosi ya kulimaliza shauri, ili Jumapili waliogombana wakutane wakiwa na amani. Shauri likiachwa hadi Jumamosi jioni, watu watapeana mikono kwa kuwa muda umekwisha, na kinyongo kitaingia nao kanisani.

Kwa nini kanisa lijishughulishe na kesi za watu? Karibu mwaka 55 Paulo aliwaandikia Wakorintho waliokuwa wakishtakiana mbele ya mahakimu wa mji: "Au hamjui ya kuwa watakatifu watauhukumu ulimwengu?" Waliungojea ufalme wa Mungu utakaokuja na hukumu ya wote, na wao wenyewe wakiwa na sehemu katika hukumu hiyo. Basi mtu anayetazamia kazi ya namna hiyo atashindwaje kuamua ugomvi wa ndugu wawili? Katika sura hiyo Paulo anasema pia kwamba ni afadhali kudhulumiwa kuliko kushtakiana, na mstari huo umetumiwa mno kuwanyamazisha wanyonge. Tusome kwa utaratibu wake. Katika mstari wa 5 anatafuta kwanza mtu mwenye hekima wa kuamua, na katika mstari wa 8 anawageukia wanaodhulumu.

Baraza la Syria halikuwa la maneno matamu. Wazee na mashemasi waliketi pamoja na askofu. Mlalamikaji na mlalamikiwa walisimama wote wawili katikati, na kumsikiliza mmoja mwenzake akiwa hayupo kulikatazwa. Hapo ndipo mabaraza mengi huharibika hata leo: mmoja ameshapita nyumbani kwa mzee jana usiku, na hukumu imeiva kabla ya kikao. Aliyeanza kuchunguzwa alikuwa mshitaki. Je, huyu ndiye mtu wa kwanza kumshitaki, au ameshawashitaki wengine? Kuna uhasama wa zamani kati yao? Mwenendo wake ukoje? Kisha mwenendo wa mshitakiwa nao ukaulizwa. Aliyeonekana kuwa amesingizia alikemewa na kutengwa.

Adhabu hazikuwa sawa kwa makosa yote. Aliyekosa na kutubu aliwekewa mfungo kulingana na kosa lake, wiki 2 au 3, au 5, au 7, kisha akarudishwa. Askofu aliyemfukuza mtu na kumsahau nje alihesabiwa kuwa amekosa pia.

Hata baada ya hayo yote, Jumapili waliposimama kuomba shemasi alipaza sauti kuuliza kama yupo mwenye neno na mwenzake. Kama yupo, askofu aliwasihi wapatane pale pale. Hiyo ilikuwa nafasi ya mwisho, kwa ugomvi uliopita bila kuonekana Jumatatu.

Cyprian, askofu wa Carthage aliyekatwa kichwa mwaka 258, alilipeleka jambo hili hadi kwenye kifo. Kanisa la Afrika ya Kaskazini liliwaheshimu sana wafia dini, na kumwaga damu kwa ajili ya Kristo kulihesabiwa kama ubatizo. Hata hivyo, akiifafanua Sala ya Bwana, Cyprian aliandika kwamba mtu aliye katika mafarakano na ndugu zake hawezi kuoshwa hata kwa damu hiyo. Maneno mazito, hasa yakitoka kwa mtu ambaye kifo cha namna hiyo kilimfika kweli.

Amani hiyo haikununuliwa kwa fedha. Didaskalia inamkataza askofu kupokea sadaka za wanaowaonea maskini, wanaowatesa watumwa wao, wenye mizani ya uongo, wauza divai wanaoichanganya na maji, na mahakimu wasiotenda haki. Sadaka hizo ndizo zingewalisha wajane, na mjane humwombea aliyemlisha. Sala yake ingekuwaje kwa chakula cha dhuluma? (Swali gumu siku ya harambee, bahasha ikiwa nene.) Na kama askofu amelazimika kupokea fedha kama hizo bila kupenda, asizinunulie chakula. Azinunulie kuni za wajane.