Usiku Mjomba Alipopiga Hesabu ya Meli

Siku nne kabla ya safari, Agosti 2023, dada yangu alitandaza makaratasi ya meli juu ya mkeka, dakani kwetu Mkomani, mji wa Lamu, watu wakiwa wametoka kuswali Isha. Siku saba baharini, kuanzia Barcelona na kurudi papo hapo, kwa meli ya kampuni ya Kimarekani. Wasafiri watano: yeye, mumewe, watoto wao wawili na Mama, ambaye viza yake ya Schengen, ya kuingilia Ulaya, ilikuwa imetoka juma lile. Nauli ilishalipwa yote. "Kitanda ndani, chakula ndani, michezo ya watoto ndani," alisema, kama mtu aliyemaliza kazi.

Mjomba alikuwa amekaa barazani na kikombe chake cha kahawa. Alitandika vitanda vya meli za namna ile miaka kumi na moja, mpaka Machi 2020 meli zilipotia nanga dunia nzima na yeye akarudishwa nyumbani. Hakusema neno. Aliomba kalamu.

Akaanza na bakshishi, kwa sababu, alisema, ndiyo inayowagombanisha watu na meli. Kwenye meli za Kimarekani haingoji moyo wa abiria. Kila siku inaandikwa yenyewe kwenye hesabu ya chumba, na miaka ile ilikuwa dola 16 hadi 20 kwa kichwa. Chumba cha fahari hulipa zaidi. Mtoto huhesabiwa kama mtu mzima, ingawa kampuni nyingine huwasamehe wachanga wa chini ya miaka 2. Meli yao ilitoza dola 16. Akaandika pembeni mwa karatasi ya dada: watu 5, mara siku 7, mara 16. Dola 560. Kwa bei ya dola ya siku zile, zaidi ya shilingi 80,000 za Kenya, na bado hakuna aliyekunywa hata soda.

Shemeji akauliza kama fedha hiyo inaweza kuondolewa. Alikuwa amesikia kwamba ukienda kaunta ya wageni wanaifuta.

"Wanaifuta," Mjomba akajibu. "Na mimi ndiye wanayenifuta."

Akaeleza inakokwenda. Sehemu humwendea mhudumu wa chumba, sehemu mhudumu wa meza na msaidizi wake, na nyingine huingia mfuko wa wale msiowaona, wafuaji na waosha vyombo. Mshahara wa msingi wa kazi kama yake ulikuwa mdogo kwa makusudi, bakshishi ndiyo iliyoujaza. Yeye alishika vyumba kumi na saba, mara mbili kwa siku, mkataba wa miezi tisa, na miezi ya likizo bila senti. Usiku wa mwisho wa kila safari palikuwa na foleni kaunta, watu wazima wenye saa za bei wakiomba wafutiwe. Wengine walimpa mkononi dola ishirini wakiamini wamemtendea wema zaidi. Kwenye meli yake ya mwisho, kama mgeni amefuta bakshishi ya pamoja, noti ile ya mkononi ilitakiwa ipelekwe kwenye mfuko. Kwa hiyo, mwanangu, ihesabu kama nauli uliyocheleweshewa, kisha uisahau. Kama unaweza kuilipa kabla ya safari, ilipe, maana mara nyingi ikipanda bei katikati wewe umeshapita.

Anayetaka kuongeza, aongeze siku ya kwanza au ya pili, si ya mwisho. Na jambo ambalo mimi sikulijua: ile fomu ya maoni ya mwisho, ukiandika jina la mhudumu, hufika kwa wakubwa wake na humsaidia kwenye mkataba unaofuata. Haigharimu kitu, na wengi huitupa.

Hapo ndipo alipogeuka. Kuhusu bakshishi alikuwa mpole, kuhusu mengine yote alikuwa mkali kama dalali wa mbuzi.

Vinywaji kwanza. Maji ya kwenye mashine za ukumbi wa chakula cha kujihudumia ni bure. Chai, kahawa ya kawaida na baadhi ya sharubati za asubuhi pia. Chupa ya maji iliyowekwa chumbani kama zawadi si zawadi. Kila kinywaji cha kununua kinaongezwa ada ya huduma ya asilimia 18 hadi 20. Sharubati ya dola 6 kwa asilimia 18 ni dola 7 na senti 8. Watu watano, wawili-wawili kwa siku, siku saba, ni glasi sabini. Akapiga hesabu kwa mdomo, midomo ikichezacheza, akaandika: dola 495 na senti 60. Dada akaivuta karatasi aione vizuri.

"Na risiti," Mjomba akaendelea, "ada hiyo imeshaandikwa juu. Chini yake wameacha mstari mtupu, hapo wanakuomba bakshishi ya ziada. Mtu anaona mstari mtupu, anadhani hajalipa, anajaza. Amelipa mara mbili. Usijaze. Piga mstari, andika jumla, tia sahihi."

Kuna kampuni zinazoruhusu abiria kupanda siku ya kwanza na katoni ndogo ya soda au maji kwenye mzigo wa mkononi. Zisome sharti zao, maana idadi hutofautiana. Mama, ambaye mpaka hapo alikuwa kimya, alisema yeye atajichemshia chai yake mwenyewe. Alikuwa ameshanunua birika la umeme.

"Dada, birika hiyo iwate papa hapa," Mjomba akamwambia Mama.

Birika, pasi, jiko na vifaa vingi vyenye waya wa moto hukamatwa kwenye ukaguzi wa mizigo na kuwekwa mpaka siku ya kushuka. Moto ndicho kitu meli inachokiogopa kuliko mawimbi. Na chetezo? Chetezo pia. Udi, ubani, mishumaa, vyote marufuku chumbani. Mama alimtazama kama amemwambia asiswali. Wiki nzima bila kufukiza! Mjomba akamtuliza kwa habari ya kanga: bafuni kuna kamba ya kuvuta ukutani, atazifua na kuzianika mwenyewe, kwa kuwa dobi wa meli hutoza kila nguo peke yake. Chakula cha halali nacho huombwa kwa kampuni wiki nyingi kabla. Zikiwa zimebaki siku nne tu, watapata samaki na mboga, basi.

Kisha kadi. Ndani ya meli hakuna fedha taslimu. Unapewa kadi ya chumba, kila unachochukua kinaandikwa humo, na kadi ya benki imefungwa nyuma yake. Shemeji alikuwa amesajili kadi ya kutoa fedha moja kwa moja kwenye akaunti. Mjomba akashika kichwa. Meli huzuia kiasi fulani kwenye akaunti hiyo hata kabla hujanunua kitu, na baada ya safari zuio hilo laweza kukaa siku kadhaa. Fedha ni yako na huwezi kuigusa, wakati uko uwanja wa ndege na watoto wana njaa. Sajili kadi ya mkopo, au weka amana taslimu kaunta. Na wakikuuliza ulipishwe kwa shilingi au kwa dola, sema dola, sarafu ya meli yenyewe. Kiwango wanachokubadilishia wao mara nyingi ni kibaya kuliko cha benki yako.

Kadi za watoto ziende kaunta siku ya kwanza zifungwe zisinunue kitu. Chumba cha michezo ya kompyuta hula kwa kadi hiyo hiyo ya mlangoni. Mtoto anagusisha tu, kengele inalia, furaha tele, na huna habari mpaka usiku wa mwisho.

Mengine aliyapitia mbio, maana kahawa ilikuwa imepoa. Intaneti hutozwa kwa kifaa kwa siku na huwa nafuu ukiinunua kabla ya kupanda. Nunueni ya simu moja, mmoja akitoka mwingine anaingia. Simu zote ziwekwe hali ya ndegeni meli ikiachia bandari, la sivyo zitashika mtambo wa meli wenyewe na dakika chache tu zitawapa bili ya kutisha. Daktari wa melini ni wa kulipia, kwa hiyo bima iwe inasema wazi kwamba inahusu safari za meli. Matembezi ya bandarini yanayouzwa na meli ni ghali, ila mkichelewa nayo meli inawangoja. Mkienda wenyewe na treni kutoka bandari ya Civitavecchia mpaka Roma, kama saa moja kila upande, hamngojewi na mtu.

Mama akasema ni kama kwenda Takwa, kwenye magofu ya kisiwa cha Manda. Nahodha anakufikisha kwa mashua yake, ada ya kuingia magofuni ni yako, na ukizubaa maji yakapwa kwenye mkono wa bahari wenye mikoko, utalala huko. Mjomba akacheka, akasema tofauti ni kwamba nahodha wa Takwa unaweza kumuuliza mapema samaki wa mchana yumo ndani ya bei au nje, naye akakujibu akikutazama.

La mwisho lilikuwa bili. Usingoje asubuhi ya kushuka, foleni yake haina mwisho. Itazame kila jioni, na usiku wa kabla ya mwisho iende mstari kwa mstari, risiti mkononi. Kosa likionekana ukiwa bado ndani husahihishwa papo hapo. Ukishashuka, ni barua pepe na miezi.

Walikwenda. Birika lilibaki jikoni, na lipo mpaka leo. Siku ya tisa dada alituma picha ya bili kutoka Barcelona, nami nikampelekea Mjomba simu pale pale barazani. Aliikuza kwa vidole viwili, akashuka nayo polepole. Bakshishi, dola 560, haikuguswa. Michezo ya kompyuta, hakuna. Maji ya chupa, hakuna. Halafu akasimama kwenye sharubati, dola 7 na senti 8, na chini yake ziada ya dola 2. Akashuka tena. Ziada ya dola 2. Na nyingine.

"Nalimwambia," alisema, akanirudishia simu.