Kunde za wapagazi

Jumapili usiku. Tumemaliza kucheza saa nne na nusu, wenzangu wamelala, mimi bado nakiangalia kisahani cha kunde kilichobaki mezani.

Wiki ya tatu hii naibadilisha Risk yetu ya nyumbani, ule mchezo wa ubao wa kuteka maeneo kwa majeshi na dadu. Kwenye ubao wa dukani Afrika Mashariki ni eneo moja tu kati ya 42, basi nikachora ramani yetu kwenye karatasi ya manila: Tanga, Moshi, Dodoma, Tabora, Mahenge, Rufiji, mwaka 1914, Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani na Waingereza. Dadu nimeziacha zilivyo: mshambuliaji tatu, mlinzi mbili, zikilingana ameshinda mlinzi. Kilichonisumbua ni mwendo. Katika Risk jeshi linahama bila kula wala kubeba kitu. Vita ya huku haikuwa hivyo. Mbung'o walimaliza farasi na ng'ombe, na ukishaziacha reli mbili, ya Tanga na Moshi na ile ya kati, gunia la unga na sanduku la risasi vilipita kichwani mwa mtu.

Kwa hiyo: relini unahama bure. Nje ya reli kila askari anadai kunde mbili, yaani wapagazi wawili. Huna kunde, huendi. Masika yakiingia unarusha dadu kwa kila eneo lako lililo mbali na reli. Ikitoka moja au mbili, unatoa kunde. Mwanzo niliweka tatu kwa askari, mchezo ukaganda, saa nzima hakuna aliyetoka Tanga.

Leo mpwa wangu alishika Wajerumani, akabanwa Mahenge. Dadu zilipomkataa akasukuma kunde mbili pembeni kwa kidole, askari wake akawabakiza wote.

"Mbona hutoi askari?"

"Anko, umeandika mtu atoe kete yoyote. Na hawa si wapagazi tu?"

Kweli niliandika hivyo. Mchezaji mzuri hutoa kilicho rahisi, na mimi ndiye niliyekifanya kiwe rahisi. Nilinyamaza kidogo. Nimezaliwa Kariakoo, mtaa uliopata jina kwa Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza. Upande huo peke yake wapagazi walioandikwa kuwa wamekufa ni zaidi ya 40,000, wengi kwa kuhara na malaria, si kwa risasi.

Tukasimamisha mchezo, nikafuta kwa kalamu. Dadu za vita sasa zinaondoa askari tu. Kunde ikitoka hairudi kwenye boksi, inakaa kisahanini katikati ya meza, kila mtu aione. Masika ya pili yalipokwisha zilikuwa 37. Mpwa wangu alibaki na askari watano wazima Mahenge, hawana wa kuwabebea, hawaendi popote. Akazihesabu mara mbili.

Kisha akauliza swali ambalo sikuwa nimelifikiria: kunde zenyewe zinatoka wapi? Kwenye sheria zangu zinatoka boksini, tano kila zamu, bure. Lakini wale watu walitolewa mashambani. Ugogo, upande wa Dodoma, chakula na wanaume vilichukuliwa, ikafuata njaa ya Mtunya.

Nimeandika sasa hivi, kwa penseli kwanza: kila kunde itoke kwenye eneo lako mwenyewe, na eneo lililotoa tatu halivuni msimu unaofuata. Tutaanza kuijaribu na Dodoma.