Linux imenifanya nianze kusoma erori

Hii ni wiki ya tatu natumia Linux (mfumo wa kuendesha kompyuta, kama ilivyo Windows) kwenye kompyuta ya nyumbani, nimeona niandike sasa hivi kabla sijasahau, maana kitu ukishakizoea unasahau kabisa kilivyokutoa jasho siku ya kwanza.

Kompyuta yenyewe ni ya siku nyingi, ramu GB 4, hadidiski ni zile za kuzunguka sio SSD, na ilikuwa inatumia Windows 10. Sapoti ya kawaida ya Windows 10 iliisha tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka kitu kinaitwa TPM 2.0, chipu ya usalama ambayo mashine yangu haina, kwa hiyo ilikuwa nibaki hivyo hivyo, au nitafute kompyuta nyingine, au nijaribu hii Linux niliyoisikia miaka yote nikidhani ni ya watu waliosomea kompyuta. Kioo kizima, kibodi nzima, betri inakaa, roho ikagoma kuitupa.

Nikachagua Linux Mint, ile ya Xfce ambayo ni nyepesi kwa mashine za zamani. Ukiingia huku utakutana na neno distro, usibabaike, Linux yenyewe kiukweli ni kerneli tu, yaani ule moyo unaoongea na prosesa na diski na ramu, halafu watu tofauti wanauchukua wanauzungushia programu na madirisha na menyu, kila mkusanyiko wa namna hiyo ndio unaitwa distro. Mint imejengwa juu ya Ubuntu, na Ubuntu ilianza 2004 ikiongozwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na hilo jina mimi lilinipa raha kwa sababu msemaji wa Kiswahili hahitaji kutafsiriwa, ubuntu ndio huo huo utu wetu.

Faili lake ni karibu GB 3. Nikalidaunlodi, nikaliandika kwenye flashi kwa kutumia programu ya Rufus (flashi inafutwa yote, toa vitu vyako kwanza), nikazima kompyuta, nikawasha huku nabonyeza F12 ili ibuti, yaani iwakie, kutoka kwenye flashi. Kwenye mashine nyingine ni F2 au Esc au Delete, angalia kioo kinachotokea mwanzo kabisa huwa kimeandikwa.

Hapa ndipo ningependa mtu angeniambia mapema: huhitaji kuinstoli chochote ili kujaribu! Mfumo mzima unafunguka na kuendeshwa kutoka kwenye flashi, diski yako haiguswi mpaka uamue mwenyewe kubofya ile ikoni ya kuinstoli. Nilikaa hivyo siku mbili nzima, nafungua Firefox, nafungua mafaili yangu ya ofisi kwenye LibreOffice, nacheza video, najaribu sauti, najaribu kamera, na kila nikizima nikichomoa flashi Windows yangu iko pale pale. Ni taratibu kidogo kwa sababu inasoma kutoka kwenye flashi lakini inatosha kukuonyesha nini kinafanya kazi na nini hakifanyi.

Kwangu ambacho hakikufanya kazi ni waifai. Haikuonekana kabisa, na bila intaneti utatafutaje draiva ya intaneti, ile programu ndogo ya kuendesha kadi ya waifai? Nilihangaika kama saa nzima ndio nikakumbuka simu. Nikaichomeka kwa waya wa USB nikawasha ile sehemu ya kugawa intaneti kwa USB, na papo hapo Mint ikaitambua bila kuuliza draiva wala nini. Nikafungua meneja wa draiva, ikaniorodheshea draiva moja ya kadi yangu ya waifai, nikaiwekea tiki, nikasubiri dakika chache, waifai ikaja. Kama kadi yako ya waifai haionekani usikate tamaa kabla hujajaribu simu na waya.

Siku ya tatu nikainstoli kweli, kwa mtindo wa mifumo miwili, Windows ibaki na Linux ipate nafasi yake. Kabla ya yote nikafanya bekapu ya picha na nyaraka kwenye diski ya nje. Naomba hili usilipite, kugawa patisheni, yaani vipande vya diski, ni kazi ambayo kosa moja linafuta kila kitu na hakuna wa kukurudishia. Nikaipunguza patisheni ya Windows nikiwa ndani ya Windows yenyewe, nikaacha GB 100 tupu, Mint wanasema GB 20 ndio kima cha chini lakini 100 ndio nzuri. Kuinstoli kwenyewe kulikuwa kwepesi, lugha, kibodi, eneo la saa, jina, paswedi, basi. Ukiwasha sasa inatokea menyu inaitwa GRUB inakuuliza unataka kuingia wapi.

Sasa nije kwenye kile kilichonifanya niandike.

Miaka yote ya kutumia kompyuta, kikitokea kisanduku cha erori mimi nilikuwa nabofya OK bila kusoma. Sijui wewe, mimi macho yangu yalishazoea kutafuta kitufe tu. Kwenye Linux niliendelea hivyo hivyo siku za mwanzo na nilikwama kila mahali, mpaka siku nilipotaka VLC ya kuchezea video, nimeandika kwenye terminali (dirisha la kuandikia amri) sudo apt instal vlc, sudo ikiwa ni kuomba ruhusa ya msimamizi na apt ikiwa ni programu ya kuinstoli nyingine, ikakataa, nikaandika tena, ikakataa, nikaanza kufikiri nimeharibu mfumo. Ndio nikatulia nikasoma ule mstari. Ulikuwa unasema wazi kabisa kwamba apt haijui kazi inayoitwa instal. Imenitajia mpaka neno lenyewe nililokosea! L moja imepungua. Nikaongeza, VLC ikaja.

Kuanzia hapo nikaweka daftari pembeni, kila ujumbe unaonikataa nauandika kisha natafuta maana yake. Nikagundua kumbe mashine muda wote inaeleza, tena kwa ufupi. Nimeandika cd downloads inaniambia hakuna folda kama hiyo, na mimi naiona kwa macho yangu iko pale, kumbe folda inaitwa Downloads kwa D kubwa na huku herufi kubwa na ndogo ni vitu viwili tofauti. Nimetaka kuhifadhi faili kwenye patisheni ya Windows inakataa, inasema ni ya kusoma tu, nikafuatilia nikakuta sababu: Windows ilikuwa imewashwa ile huduma ya kuwaka haraka, kwa hiyo ukizima haizimi kabisa, inalala na kuacha mambo yake nusunusu kwenye diski, na Linux inakataa kuandika juu yake ili isiharibu data. Nikaizima hiyo huduma kule Windows, nikarudi, faili likakaa. Yaani ile niliyodhani ni ubishi ilikuwa inalinda picha zangu.

Na kuna mengine madogo ambayo hayana hata ujumbe. Kwenye distro nyingine ukiandika paswedi baada ya sudo hakuna nyota wala nukta inayotokea kwenye terminali, unaweza kudhani kibodi imekufa, kumbe inapokea kimya kimya, andika tu ubonyeze Enter. Saa nayo ilikuwa inanivuruga, nikitoka Linux kurudi Windows nakuta saa imehama, kwa sababu Linux inahifadhi saa ya UTC, ile saa ya kimataifa, kwenye mashine na Windows inahifadhi saa ya mahali ulipo, kila mmoja anamsahihisha mwenzake. Dawa ni mstari mmoja, timedatectl set-local-rtc 1, na mpaka leo imetulia.

Kasi je? Ikishawaka bila kufungua kitu, ukiandika free -h unaona ramu iliyotumika haijafika GB 1, kwa mashine yenye 4 hiyo ni nafasi kubwa sana. Ukifungua tabu nyingi za brauza bado inachoka, hilo tusidanganyane, tovuti za siku hizi ni nzito kwa mfumo wowote ule.

Huwa nafikiria huyu Linus Torvalds aliyeianzisha Linux, mwanafunzi wa miaka 21 pale Helsinki, tarehe 25 Agosti 1991 anawaandikia wenzake kwamba anatengeneza mfumo wa bure, ni hobi tu, hautakuwa kitu kikubwa. Leo kerneli hiyo iko ndani ya kila simu ya Android, ikiwemo ile niliyoichomeka kutafuta waifai, na tangu Novemba 2017 kompyuta zote 500 zenye nguvu kuliko zote duniani kwenye orodha ya TOP500 zinatumia Linux. Na mimi nayo hapa mezani, bure, na kodi yake, yaani maandishi ya programu yenyewe, iko wazi naweza kuifungua nikaisoma nikitaka. Hilo linanigusa kweli.

Kilichobaki ni printa yangu ya zamani. Kuchapa inachapa, ilitambulika yenyewe nilipochomeka waya, ila sehemu ya kuskani inaniambia haijaona skana yoyote. Ujumbe nimeshauandika kwenye daftari pamoja na namba ya modeli ambayo lsusb, amri ya kuorodhesha vifaa vya USB, imenipa, Jumamosi nakaa nao.