Mfalme Aliyegoma Kula

Wapendwa katika Bwana, wiki hii nimesoma 1 Wafalme 21 na nikakwama kwenye mstari wa 4. Mfalme Ahabu amejilaza kitandani, amegeuza uso, chakula hataki. Hajafiwa. Hajashindwa vita. Amenyimwa shamba.

Na tukumbuke huyu ni nani. Anatawala Samaria, ana jumba jingine Yezreeli, na sura inayofuata inataja nyumba ya pembe za ndovu aliyoijenga, pamoja na miji. Shamba la mizabibu la jirani yake Nabothi alilitaka liwe bustani ya mboga, kwa kuwa lilikuwa karibu na nyumba yake. Basi. Mimi naona ugonjwa wake ulianzia hapo: asingekuwa na lile jumba la Yezreeli, shamba la Nabothi lisingemkosesha usingizi. Alichokuwa nacho ndicho kilichomwonyesha asichokuwa nacho.

Nayasema haya kwa uchungu, maana yamenipata. Kabla sijamiliki kiwanja, sikuwahi kujali mpaka wa mtu yeyote. Siku nilipopata changu nilimshukuru Mungu kwa machozi, na shukrani ile ilikuwa ya kweli. Lakini haikuchukua muda nikawa kila jioni nakwenda kukagua mawe ya mpaka, nahesabu hatua, namtazama jirani kana kwamba ameninyang'anya kitu. Siku moja watoto wake walikatiza pale wakifuata mpira, nikawafokea hadi mdogo wao akalia. Kiwanja kitupu, hakina hata mche mmoja! Usiku ule nilipiga magoti nikakosa la kusema.

Tusikimbilie kusema kwamba kumiliki ni dhambi. Nabothi naye alikuwa na mali, tena aliishikilia kuliko mfalme alivyotarajia. Aliahidiwa shamba bora zaidi, au fedha, akakataa: "Bwana apishe mbali nisikupe urithi wa baba zangu." Nyuma ya jibu hilo kuna Mambo ya Walawi 25. Mungu alisema nchi ni yake, na watu wake ni wageni juu yake. Isiuzwe moja kwa moja, na mwaka wa 50 kila mtu airudie milki yake. Nabothi alikuwa amepokea shamba mikononi mwa waliomtangulia, na chini ya Mungu alipaswa kuwaachia watakaomfuata. Kwake lilikuwa amana.

Sasa linganisheni na mstari wa 6. Yezebeli anamuuliza mumewe kwa nini hali, naye Ahabu anayarudia majibu ya Nabothi. Jina la Bwana halimo. Baba zake Nabothi hawamo. Anachosimulia ni kwamba yule mtu amekataa kumpa "shamba langu la mizabibu". Urithi umegeuka kuwa "langu" tu! Nimelisoma hilo mara nyingi bila kuliona. Labda ndilo neno pekee ambalo sikio lake lilikuwa bado linaweza kulisikia. Yaliyofuata mnayajua: barua za Yezebeli zenye muhuri wa mfalme, mashahidi wa uongo, na Nabothi akapigwa mawe hadi kufa. Ahabu akashuka kulimiliki shamba, akamkuta nabii Eliya humo humo.

Paulo anaandika katika Wafilipi 4 kwamba amejifunza kuwa radhi. Amejifunza. Na katika yale aliyofundishwa anataja njaa, anataja pia kushiba. Njaa najua inamfundisha mtu. Kwamba hata kushiba kunahitaji mwalimu, hilo nimelielewa nikiwa na hati ya kiwanja mkononi.

Nilikwenda kwa jirani nikamwomba msamaha, na wale watoto nikawaambia wacheze pale mpaka nitakapojenga. Wanacheza. Bado moyo hunishtuka nikiona nyayo zao karibu na mawe ya mpaka. Niombeeni, nami nitawaombea.